Nani Asema Cherehani Si Kazi ya Mkono?

Jumapili moja jioni nilipigiwa simu na mama yangu mdogo aishiye Kongo. Msomaji asiharakishe kuufikiria mto mkuu na misitu ya Ikweta. Kongo ninayoitaja ni mtaa ulioko Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi, ambako nililelewa na ambako nusu ya ukoo wangu ungali unakaa. Mama mdogo si mtu wa kupiga simu ovyo. Alinijulia hali, akawaulizia watoto, kisha akalitoa lililokuwa moyoni: "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Njoo uniulizie huyo mwalimu, hicho cherehani kilijikanyaga chenyewe?"

Kisa ni hiki. Mjukuu wake, msichana wa Gredi ya 8, aliagizwa pamoja na wenzake kutengeneza kitu cha manufaa nyumbani kwa kutumia vitambaa vilivyokwisha kazi. Wengi walishona vishikio vya sufuria na vifuko. Yeye, kwa ushupavu ambao nadhani ameurithi upande wa kwetu, aliamua kushona mfarishi, yaani ile shuka nene ya matabaka matatu ambayo uso wake ni viraka vilivyoungwa vikafanya ruwaza. Likizo nzima ya Agosti aliunga viraka 80 kwa sindano ya mkono, safu 10 zenye viraka 8 kila moja. Vitambaa vingine aliviokota chini ya meza ya fundi jirani, vingine alivikata katika mashati ya mtumba ambayo nyanya yake huyanunua katika soko la Toi, kule Kibera. Matabaka matatu yalipowekwa pamoja, siku zilizobaki zilikuwa chache. Nyanya akamkalisha kwenye cherehani chake cha kukanyaga, na mtoto akaumalizia mfarishi wake hapo. Alipoupeleka shuleni, mwalimu aliugeuza, akaona mishono iliyonyooka, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba hiyo si kazi ya mkono. Alama zikakatwa nusu.

Alama za kazi kama hizi si jambo la kupuuzwa siku hizi. Tangu mtihani wa kwanza wa KJSEA ulipofanywa mwaka 2025, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchukua asilimia 20 katika hesabu ya kumpangia mtoto nafasi katika sekondari pevu. Sisemi kwamba mfarishi huu uliingia katika hesabu hiyo. Nasema kwamba mtoto aliyeambiwa mara moja kuwa kazi yake si yake hujifunza somo ambalo halimo katika silabasi yoyote. Msichana huyu, nilivyoambiwa, alikuwa ameukunja mfarishi wake akausukuma mvunguni mwa kitanda, wala hakutaka utajwe.

Nilikwenda Kongo Jumamosi iliyofuata nikiwa, lazima nikiri, upande wa mwalimu. Mimi ni zao la mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, enzi ambapo Sanaa na Ufundi pamoja na Sayansi Kimu vilikuwa masomo ya mtihani katika shule ya msingi. Nayakumbuka maneno "kazi ya mikono" yakitamkwa kwa heshima kama ya ibada. Nakumbuka vilevile kwamba mfagio nilioutoa ili upewe alama ulinunuliwa sokoni Kawangware asubuhi hiyo hiyo, na kwamba nilipata alama nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani, na ufagizi wangu ukaishia hapo. Hata hivyo, ile imani kwamba mkono ni mkono na mashine ni mashine ilikuwa imekwisha kuniingia.

Bahati nzuri mama mdogo alikuwa na mfarishi mwingine ambao haujakamilika, wake mwenyewe. Nikamwomba binti anionyeshe, hatua kwa hatua, jinsi alivyoumalizia ule wa kwanza. Alisita kidogo, kisha akaanza kwa kukisimamisha kitanda ukutani. Chumba ni cha futi 10 kwa 10. Pasipo kitanda kuondoka, hakuna sakafu ya kutandaza kitu. Akaipiga pasi ya makaa shuka kuukuu itakayokuwa mgongo, akaitandaza sakafuni na kuinyoosha bila kuivuta. Juu yake akaweka blanketi lililochakaa, ambalo ndilo la katikati badala ya pamba ya dukani. Juu kabisa ukaja uso wa viraka. Halafu akashika sindano akapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, akianzia katikati na kuelekea kingoni kama miale ya jua. Kazi hiyo peke yake ilimchukua karibu saa mbili, magoti chini, na yote ilikuwa ya mkono.

Nilimwuliza kwa nini anaanzia katikati. "Kwa sababu kitambaa hutembea, mjomba," akanijibu. Sikumwelewa hadi alipoketi kwenye cherehani. Chini ya kitambaa mna meno ya chuma yanayokisukuma mbele. Juu mna mguu mdogo wa chuma unaokikandamiza. Tabaka la chini huvutwa na meno, la juu hucheleweshwa na mguu, na hivyo matabaka yaliyolingana mwanzoni huachana kidogo kidogo kwa kila inchi. Mwenye kuanzia ukingoni huisukuma ziada hiyo hadi ikanaswa katikati, ikafanya makunyanzi yasiyoondoka. Mwenye kuanzia katikati huisukuma ikatokea nje, ambako itakatwa. Nimehudhuria mihadhara ya fizikia iliyoeleza msuguano kwa ufasaha mdogo kuliko huo.

Cherehani cha nyumbani, tofauti na mashine kubwa za viwandani, kina nafasi finyu sana kati ya sindano na nguzo yake. Mfarishi wa inchi 44 kwa 55 hauwezi kupita hapo ukiwa umetandazwa. Binti aliukunja kutoka pande mbili kama mkeka unaorudishwa kutoka msikitini, akaacha ufito mwembamba katikati, akaupitisha. Kushoto kwake aliweka kiti cha pili ili kiubebe uzito, kwani mfarishi ukining'inia huivuta sindano ikavunjika. Alikuwa ametia sindano nene na kurefusha mshono, maana mshono mfupi katika kitambaa kinene hutafuna uzi. Kila alipofika mahali ambapo pembe za viraka vinne hukutana, penye unene maradufu, aliacha kukanyaga. Aliligeuza gurudumu kwa mkono wake wa kulia, mshono mmoja mmoja, huku kiganja cha kushoto kikipapasa ili kijue kama chini kumejikunja. Niliwahesabia wawili hao, mtoto na mashine, zamu zao. Katika safu moja ya viraka 8 mkono ulirudi kazini mara 7.

Mwisho ulikuwa upindo. Ukanda wa kitenge uliokunjwa mara mbili ulishonwa kwa cherehani upande wa uso, ukageuzwa mgongoni, ukamaliziwa kwa sindano ya mkono, kastabini kidoleni. Pembe zote nne zilikunjwa kama bahasha. Pembe ya kwanza aliifumua mara mbili. Nyanya yake hakusema neno. Alikuwa akichambua sukuma wiki mlangoni, na kila uzi ulipofumuliwa aliguna tu.

Basi nikajiuliza, je, ni wapi hasa mstari ule ambao mwalimu aliuona, upande huu mkono na upande ule mashine?

Mimi kazi yangu ni lugha, kwa hiyo nisamehewe nikilichungulia jambo hili kwa dirisha langu. Kiswahili hakina vitenzi viwili kwa vitendo hivi. Ashonaye kwa sindano anashona; ashonaye kwa cherehani anashona. Fundi ni fundi. Tena litazameni neno lenyewe cherehani. Asili yake hufuatwa hadi katika Kiajemi, charkh, yaani gurudumu. Lilipofika pwani yetu, wazungumzaji waliisikia ile "che-" ya mwanzo wakaifanyia kama walivyoifanyia "cha-" ya chakula: wakaihesabu kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Ndiyo maana twasema cherehani hiki na vyerehani hivi, kama vile Waarabu walivyotupa kitabu nasi tukazalisha vitabu. Najua kwamba huko Kawangware wengi husema "cherehani hii," wala siwagombezi. Lakini hao waliosema vyerehani kwanza walifanya kile alichokifanya binti huyu: walichukua kitu kilichotoka kiwandani kwa wengine wakakipiga upindo wa kwao.

Hata neno mfarishi, ambalo wanafunzi wangu hudhani nimelibuni, limo katika kamusi zetu. Linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutandika. Walimu kadhaa niliowauliza hulitumia neno la Kiingereza kwa kuamini kwamba Kiswahili hakina lake. Na kwa kuwa nimegusa majina, niongeze kwamba Kawangware yatokana na ngware wa Kikikuyu, ndege ambaye Mswahili humwita kwale. Ni neno moja lililoshika njia mbili, huku likabakia na l na kule likageuka r. Kibera nayo imetokana na Kinubi, kibra, msitu. Mitaa yetu yenyewe ni viraka vilivyoungwa, lakini hilo tuliache kwa siku nyingine.

Ugomvi kati ya sindano na mashine haukuanzia Kongo. Mwaka 1831, mjini Paris, mafundi wa nguo walivamia karakana ya Barthélemy Thimonnier wakavivunja vyerehani vyake vilivyokuwa vikishona sare za jeshi, wakihofia mkate wao. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hataza ya mashine iliyotumia sindano yenye tundu karibu na ncha pamoja na nyuzi mbili zinazofungana katikati ya kitambaa. Isaac Singer akafuata na yake mwaka 1851. Hofu ya mafundi wa Paris ilikuwa na sababu, nami siidharau. Tofauti ni kwamba cherehani kilipotoka karakanani kikaingia nyumbani kilibadilika tabia. Mwenye kukikanyaga akawa ndiye mwenye nguo, na ratiba ikawa yake.

Kuna mfano ninaotamani kila mwalimu wa sanaa aujue. Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona mfarishi wenye picha za visa vya Biblia, akauonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Baadaye shida ilipombana aliuuza kwa dola 5, ilhali alikuwa ameutajia bei ya dola 10. Mfarishi huo sasa umehifadhiwa na Smithsonian mjini Washington, na mwingine wake umo katika jumba la makumbusho la Boston. Yote miwili ilishonwa kwa mkono na kwa cherehani pia. Hakuna mlinzi wa jumba hilo aliyewahi kuikata alama nusu. Karibu zaidi na sisi, hapa hapa Nairobi, wanawake wakimbizi kutoka nchi mbalimbali za Afrika walianza mwaka 1996 kushona pamoja chini ya jina la Amani ya Juu, na miongoni mwa kazi zao zilizojulikana ni mfarishi wa umoja. Sidhani kuna mnunuzi wao aliyeurudisha kwa sababu mishono yake imenyooka.

Sasa nimtendee haki mwalimu, kwani nilikwenda kumwona Jumatatu. Ni mwanamke kijana, mkarimu, mwenye darasa lililofurika kiasi kwamba wengine hukaa dirishani. Alinipa kiti chake, yeye akasimama. "Daktari," aliniambia, "nikiruhusu cherehani, mwenye pesa atampelekea fundi, na asiye na pesa ataonekana mvivu. Wengine hapa hawana hata uzi." Nilinyamaza. Hoja hiyo ina uzito, na msomi anayeipuuza hajawahi kusahihisha vifaa vya watoto 70 kwa jioni moja. Mfagio wangu wa sokoni ulinijia akilini, lakini sikuutaja.

Hata hivyo, mfagio ule ndio unaoibomoa hoja. Mwalimu wangu alikuwa ametukataza mashine, tena mfagio hauna mashine, na bado alidanganywa. Udanganyifu hauzuiwi kwa kupiga marufuku chombo. Aliyenunua hawezi kueleza kwa nini kazi ilianzia katikati. Hawezi kuonyesha pembe aliyoifumua mara mbili, wala hana kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Maswali matatu mepesi mbele ya darasa yangalimfichua mwongo na kumtukuza mkweli, kwa dakika chache kuliko zile zilizotumika kuandika kwa kalamu nyekundu. Ama kuhusu wale wasio na cherehani nyumbani, dawa yao ni kukipata shuleni. Nimeingia katika shule zaidi ya moja ambazo vyerehani vyake vimefunikwa gunia stoo, vikingoja mgeni mashuhuri.

Na sitaki nionekane mtetezi wa mashine kila mahali. Kofia ya viua, ile ya Lamu na Unguja, iliyodariziwa vitundu vidogo mno kwa miezi, ni jambo jingine kabisa. Thamani yake imo katika tundu lenyewe, katika kila mzunguko wa uzi uliofanywa na vidole. Siku hizi sokoni kuna kofia za mashine zinazoigiza viua hivyo kwa bei ya chini, na kijana anayeivaa hana kosa lolote madhali aliyemwuzia amemwambia ukweli. Muuzaji anayeipachika bei ya kazi ya vidole ndiye mwizi. Kwa hiyo kipimo changu ni swali la kitu hicho ni cha nini. Mfarishi wa binti huyu ni wa kumfunika mdogo wake Julai, wakati baridi ya Nairobi inapopenya mabati. Utafuliwa kwa beseni, utasuguliwa kwa sabuni ya mche, utakamuliwa na watu wawili wanaovutana, utaanikwa uani. Mshono wa cherehani, ambamo nyuzi mbili zimefungana, hustahimili mateso hayo. Mshono wa mkono wa mtoto wa miaka 13, uzi mmoja unaopita juu na chini, ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka kwenda mbele na nyuma. Aliyechagua cherehani kwa kazi hiyo alikuwa amefikiri sawasawa, tena alifikiri kama fundi.

Na je, saa? Mama mdogo huuza mboga tangu alfajiri. Wakati wake wa kushona ni usiku, na usiku wa Kongo una giza lake, kwani umeme hukatika bila kubisha hodi. Cherehani cha kukanyaga hakiulizi tokeni. Kinataka miguu na mshumaa. Kuumalizia mfarishi mmoja kwa mkono kungemla miezi. Katika nyumba kama hizo kuumaliza kwa cherehani hutofautiana na kutoumaliza kamwe, na huko mvunguni mmejaa nyuso za viraka zilizoungwa kwa mapenzi zikakosa mgongo. Niliona tatu. Moja ilikuwa ya marehemu mama yangu. Nilitambua shati langu la darasa la tano.

Nilimweleza mwalimu haya kwa kifupi, maana kengele ilikuwa imelia. Aliuomba mfarishi, akaugeuza tena, safari hii akitazama mgongo. Kidole chake kikasimama kwenye uzi mweupe wa bandi ambao binti alisahau kuutoa. "Huu aliupiga yeye?" akauliza. Nikamwambia amwulize mwenyewe. Alama hakuzibadilisha mbele yangu, wala sikumsihi; mwalimu mwenye kubadilisha alama kwa kuwa daktari amekuja si mwalimu ninayemtaka. Aliniambia tu kwamba shule ina cherehani kimoja, lakini mkanda wake wa ngozi umekatika tangu mwaka juzi.

Habari hizo nilimpelekea mama mdogo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza mkanda huo ni wa unene gani, kisha akaenda kuchakura kwenye kopo la vifungo. Ijumaa hii atakwenda shuleni na mjukuu wake, mkanda mkononi. Binti ameutoa mfarishi mvunguni, ila ameshikilia kwamba ule uzi mweupe wa bandi usitolewe.